Kobe wa Misitu ya Mvua: Namna ya Kumfuga Akaishi Vizuri

Maswali ya wanaoanza kufuga kobe wa msituni ni yale yale siku zote. Mbona gamba linaota vilima? Mbona anafumba macho mchana kutwa? Mbona anatoa povu puani ilhali taa inawaka saa zote? Karibu yote yana mzizi mmoja: kobe wa msituni anafugwa kama kobe wa nyikani. Maelekezo mengi ya kufuga kobe yaliandikwa kwa ajili ya wale wa nyikani, wanaoota jua kali na kushinda wakila nyasi. Huyu wetu kazoea sakafu ya msitu: kivuli, majani yanayooza, tope, hewa nzito yenye maji, na joto lisilopanda wala kushuka sana. Ukimweka kwenye sanduku kavu chini ya balbu kali, hafi kesho. Anakauka taratibu, figo zinachoka, na unapokuja kuona dalili ameshaumwa miezi.

Basi shika hili kabla ya yote: unyevu na joto huenda pamoja. Unyevu wenye joto ndio msitu wenyewe. Unyevu wenye baridi huleta nimonia. Joto bila unyevu huharibu gamba na figo.

Kwanza, ni kobe yupi?

Kwa anayeanza, chagua kobe wa miguu myekundu (Chelonoidis carbonarius) wa Amerika Kusini. Huishi msituni na pia kwenye savana zinazopakana na msitu, ndiyo maana huvumilia makosa madogo ya mfugaji. Hukua kufikia kama sentimita 30 hadi 35, na hula karibu kila kitu. Ndugu yake wa miguu ya njano (Chelonoidis denticulatus) ni mkubwa zaidi, na ni wa msitu mzito, kwa hiyo unyevu wake hauna mjadala.

Kobe wenye bawaba wa Afrika Magharibi na Kati, Kinixys erosa na Kinixys homeana, ambao sehemu ya nyuma ya gamba hujikunja kama mlango, ni viumbe wa kupendeza mno, na ni wepesi kufa mikononi mwa mtu asiye na uzoefu. Wengi wanaouzwa wamekamatwa porini. Wamesafirishwa bila maji, wamejaa minyoo na wana hofu. Huyu mwache mpaka uwe umeshafuga wengine. Manouria emys wa Asia hupita kilo 20, tena hupenda ubaridi kidogo kuliko wenzake, hivyo anahitaji uwanja, si chumba.

Jamii nzima ya kobe wa nchi kavu imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kumvusha mpaka bila kibali ni kosa, na nchi nyingi zinataka leseni hata ya kumfuga tu nyumbani. Mtafute aliyezaliwa kwa mfugaji, mwenye karatasi zake. Wa porini usimwokote. Na kumbuka kwamba kobe hawa wanaweza kuishi miaka 50 na zaidi, kwa hiyo amua mapema nani atakayemrithi.

Vitu vya kuwa navyo kabla kobe hajafika

- Sanduku au boksi lenye kuta zisizopitisha mwanga na mfuniko wa kufunika angalau robo tatu ya juu.
- Tandiko: unga wa makumbi ya nazi, vipande vya magome ya mti, na majani makavu ya kutosha.
- Chanzo cha joto kisichotoa mwanga, yaani balbu ya kauri au paneli ya joto, pamoja na soketi ya kauri.
- Thermostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe. Bila hiyo usiwashe kifaa chochote cha joto.
- Taa ndefu ya bomba ya UVB (miale isiyoonekana, kama iliyomo kwenye jua), ya nguvu ya wastani (asilimia 5 au 6).
- Vipimajoto viwili vya dijitali vyenye kupima na unyevu.
- Mzani wa jikoni unaosoma gramu.
- Beseni pana la maji, lisilo na kina.
- Kimbilio mbili za kujificha.
- Unga wa kalsiamu usio na fosforasi, na kipande cha mfupa wa ngisi.
- Namba ya simu ya daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Itafute sasa. Usingoje usiku wa shida.

Hatua kwa hatua

1. Jenga makazi. Kobe mchanga, wa chini ya sentimita 10, anatosheka na sentimita 90 kwa 45. Mtu mzima wa miguu myekundu anahitaji si chini ya sentimita 240 kwa 120, kuta zikiwa na kimo cha sentimita 45 au zaidi, maana hupanda. Kama unatumia plaiwudi, ipake rangi ya kuzuia maji mara tatu, ziba maungio kwa silikoni, kisha iache wazi wiki mbili mpaka harufu iishe kabisa. Tangi la kioo linatumika kwa shida: kobe haelewi kioo, atakisukuma kwa pua mchana kutwa. Ukiwa nalo, funika pande tatu kwa nje kwa karatasi nyeusi.

2. Changanya tandiko. Sehemu mbili za unga wa makumbi, sehemu moja ya magome. Usitumie mwerezi wala mbao mbichi zenye utomvu, kwa sababu harufu yake hudhuru mapafu. Mchanga mtupu na kokoto pia hapana, maana akivimeza huziba utumbo. Kwa kobe mchanga tandaza unene wa sentimita 8 hadi 10; kwa mkubwa, 15 au zaidi. Juu yake mwaga majani makavu mpaka aweze kujifukia mzima akitaka.

   Sasa kipimo cha maji. Chota gao la tandiko, likamue kwa nguvu zako zote. Maji yakichuruzika kati ya vidole, limezidi. Ukifungua kiganja likasambaratika kama vumbi, limepungua. Unalotaka ni lile linalobaki bonge, lenye alama za vidole vyako, na kiganja kimelowa kidogo tu. Ukiongeza maji usinyunyize juu. Mimina kwenye kona nne yazame chini. Tabaka la chini liwe na maji, la juu liwe karibu kavu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapuliza maji juu asubuhi na jioni, uso unakuwa tope, chini pakavu, na gamba la tumbo linaanza kuoza huku kipima unyevu kikisoma vizuri.

3. Weka joto. Funga balbu ya kauri au paneli upande mmoja wa sanduku, thermostati ikisoma kwenye kimo cha mgongo wa kobe. Upande wa joto uwe nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi, upande wa pili 25 au 26. Usiku usishuke chini ya 22. Kwa Kinixys punguza: 22 hadi 28 inatosha, na asiwekewe mahali pa kuota joto kali. Kobe hawa hawalali usingizi wa majira ya baridi, usijaribu kuwapoza.

   Kwa nini si balbu ya mwanga mkali? Kwa sababu inachoma eneo dogo la mgongo na kulikausha, huku ubavu na tumbo vikibaki baridi. Gamba linalokua chini ya balbu hiyo ndilo linalopanda vilima. Mawe ya umeme ya kupashia joto nayo usiweke: kobe hahisi upesi anapoungua tumboni.

4. Weka mwanga. Taa ya UVB iwe juu ya upande wa joto, sentimita 30 hadi 45 kutoka mgongoni, saa 12 kwa siku. Isipite kwenye kioo wala plastiki, kwa kuwa vyote huzuia miale hiyo. Badilisha bomba kila baada ya miezi 12 hata kama bado linang'aa. Mwanga hubaki, UVB huisha. Nusu ya sanduku iwe kivulini kabisa, iwe na mimea ya plastiki au halisi, magogo na pembe za giza. Kobe wa msituni asiyekuwa na pa kujificha hawezi kutulia, na asiyetulia hali.

5. Weka maji. Beseni ambalo anaingia mwili mzima na kutoka bila kusaidiwa. Kina kisizidi kidevu chake akiwa amesimama. Libadilishe kila siku, maana ataoga humo, atakunywa humo na kunya humo.

6. Washa kila kitu siku saba kabla. Andika joto na unyevu asubuhi, mchana na saa nane za usiku. Unyevu uwe asilimia 70 hadi 80 kwa mkubwa, 80 na kuendelea kwa mchanga. Ukiona unashuka mchana, tatizo ni mfuniko: ziba zaidi, ukiacha nafasi ya hewa pande mbili. Wiki hii moja inaokoa kobe wengi kuliko dawa yoyote.

7. Mpokee. Siku ya kwanza mwogeshe dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, yanayofika pale gamba la juu linapokutana na la chini. Mpime uzito, andika, mwingize ndani, kisha mwache. Usimwinue, usimpige picha, usiwaite majirani. Akijificha siku tatu bila kula si ajabu. Kama una kobe wengine, huyu akae chumba kingine kwa siku 90, na umhudumie mwisho, baada ya wengine. Peleka kinyesi chake kikapimwe minyoo na amiba.

   Angalizo zito: ivermectin inaua kobe. Ni dawa ya kawaida ya minyoo kwa wanyama wengine, na kuna watu wanaoipendekeza bila kujua. Ikatae, hata ikitoka kwa mtu mwenye koti jeupe.

8. Mlishe. Katika kila gao kumi, sita au saba ziwe majani na magugu: mchunga, majani ya mforsadi, ya hibiskasi, ya viazi vitamu, mapande ya mpungate yaliyoondolewa miiba. Mbili au tatu ziwe matunda, maua na uyoga wa kuliwa. Papai na tini ni matunda bora kwake, embe na tikiti kwa zamu. Ndizi mara mojamoja tu. Ina kalsiamu kidogo, na kobe akiizoea hususia mengine. Mchicha usiwe chakula cha kila siku, kwani asidi yake ya oksali hushika kalsiamu isifyonzwe. Parachichi usimpe kabisa.

   Tofauti na kobe wa nyikani, huyu anahitaji nyama kidogo. Mara moja kwa wiki mpe nyungunyungu, konokono wasiotoka kwenye bustani zenye sumu, au yai lililochemshwa, gramu 25 hadi 30 kwa mkubwa. Chakula cha mbwa au paka kila siku ni kumharibu figo. Kinixys hupenda nyama na uyoga zaidi ya wenzake. Ukimpa majani matupu atakufa njaa sahani ikiwa imejaa.

   Mkubwa mlishe siku tano kwa wiki, mchanga kila siku. Nyunyiza kalsiamu, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, mara mbili au tatu kwa wiki. Sahani iwe bapa, kigae cha sakafu kinafaa, ili asile tandiko.

9. Shika ratiba. Kila siku: maji mapya, mabaki ya chakula na kinyesi nje, tazama macho na pua. Mchanga aogeshwe kila siku dakika 15. Mkubwa mara moja au mbili kwa wiki. Kila wiki mpime uzito mchanga, kila mwezi mkubwa. Mzani ndio unaosema kwanza. Kobe ni hodari wa kuficha ugonjwa. Tandiko lichokore kila wiki, ulibadilishe lote kila baada ya miezi mitatu au minne. Osha mikono kwa sabuni kila umshikapo, na watoto pia, kwa kuwa kobe hubeba salmonela bila kuumwa.

Kumtoa nje

Mahali penye usiku wa nyuzi 22 na kuendelea, nje ni bora kuliko sanduku lolote. Uzio uwe wa ukuta au mbao zilizoshikana, si waya, na uzame ardhini sentimita 25. Theluthi mbili za eneo ziwe na kivuli cha mimea, na pawe na dimbwi la tope. Kibanda cha kulala kiwe na tandiko lenye unyevu. Wachanga wasilale nje: panya, kunguru na siafu hawabakizi kitu. Mbwa wa nyumbani, hata mpole, hatafuni kobe kwa chuki. Anamtafuna kama mfupa, na matokeo ni yale yale.

Mmoja, wawili au kundi?

Kobe hana upweke. Wawili pamoja ndio mpango mbaya kuliko yote, kwani mmoja hutawala: hulala juu ya mwenzake, humziba njia ya chakula, na mfugaji huona kana kwamba wanapendana. Fuga mmoja, au dume moja na majike mawili au zaidi kwenye eneo kubwa. Dume hutambulika kwa mkia mrefu na gamba la tumbo lililobonyea, lakini kabla ya kufika sentimita 20 hivi ni kubahatisha. Usichanganye aina tofauti. Ugonjwa usiomdhuru mmoja humuua mwingine.

Mambo yanapoharibika

*Povu au kamasi puani, mdomo wazi, pumzi ya mluzi.* Ni mapafu. Pandisha joto liwe 28 hadi 30 mchana na usiku, usipunguze unyevu, na nenda kwa daktari siku hiyo hiyo au kesho yake. Kobe hana uwezo wa kukohoa makohozi nje kama sisi, kwa hiyo haponi kwa kungoja. Kosa la kawaida hapa ni kumkausha: joto ndilo lililopungua, mtu anaondoa maji.

*Gamba linapanda vilima.* Chanzo kikubwa ni ukavu wakati wa kukua. Ongeza unyevu, mwogeshe, ondoa balbu kali. Vilima vilivyopo havirudi chini, ila mstari mpya wa ukuaji kati ya vipande vya gamba ukitoka laini, umeshinda. Usipake mafuta kwenye gamba, wala usilitoboe ili kufunga kamba. Gamba ni mfupa hai wenye damu na hisia.

*Madoa meupe au laini kwenye gamba la tumbo, harufu mbaya.* Gamba linaoza kwa sababu tandiko la juu limelowa mno. Mhamishie kwenye taulo safi mahali pa joto, sugua doa kwa mswaki laini na ayodini ya povidoni iliyochanganywa na maji mpaka iwe rangi ya chai, mara moja kwa siku, ukiendelea kumwogesha dakika chache kisha umkaushe. Doa likibonyea chini ya kidole au likitoa damu, hilo ni la daktari.

*Macho yamefumba au yamedidimia.* Kwanza dhania kiu. Mwogeshe dakika 20 mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Tazama anachokojoa: uji mweupe laini kama dawa ya meno ni kawaida; ukiwa na chenga kama chokaa, amekauka sana. Macho yakivimba, fikiria pia taa ya UVB iliyo karibu mno, au upungufu wa vitamini A. Sindano ya vitamini A isipigwe kwa kubahatisha, maana ikizidi ngozi huchubuka yote.

*Hali chakula.* Pima joto kabla ya kubadilisha chakula. Joto likipungua mno tumbo hufanya kazi polepole. Joto likiwa sawa, mwogeshe, kisha mpe kitu chenye harufu na rangi: papai lililoiva sana, uyoga, au nyungunyungu anayejinyonganyonga. Kinixys mlishe alfajiri au jioni, ukiwa umenyunyiza maji kama mvua. Mkubwa mwenye uzito mzuri anaweza kukaa wiki moja bila kula. Mchanga asipokula siku tatu usingoje.

*Jike anazunguka, anachimba, anakataa kula.* Huenda ana mayai, hata kama hajakutana na dume karibuni, kwani majike huhifadhi mbegu muda mrefu. Mpe kona yenye udongo wa kina cha sentimita 25 na joto la 28. Akihangaika zaidi ya wiki mbili bila kutaga, au akianza kusukuma na kulegea miguu ya nyuma, apigwe eksirei.

*Amepatikana chali.* Mgeuze polepole, kichwa kikiwa juu, mweke kivulini, na sikiliza pumzi kwa saa moja. Kisha ondoa jiwe au gogo alilopandia kabla hujaondoka hapo.

Ukienda kwa daktari, beba vitu vinne: kobe ndani ya boksi lenye taulo nyevu, kinyesi kibichi ndani ya chombo kilichofungwa, daftari la uzito, na picha ya makazi inayoonyesha taa na vipimo vyake.